Mambo Yalivyogeuka Jumla

Haya wadau, nimerudi. Najua nilipotea, na wale mlionisimamisha kule kafteria kuniuliza mbona kijiwe kimefungwa nawaomba radhi. TP ilininyoosha kisawasawa, halafu narudi chuoni, hata begi sijafungua, nakutana na ugomvi. Ugomvi wenyewe ndio uliozaa makala haya, kwa hiyo vumilieni niwasimulie kwanza, historia inakuja.

Mnakijua kile kitini. Mnaosoma Historia na Kiswahili mnakijua hata kama hamjui kinaandikwa na nani. Tulikianza mwaka wa kwanza, watu saba, tukiwa hatuna hela ya vitabu na maktaba ina nakala mbili za kugombaniwa na darasa zima. Tuligawana mada, kila mtu akapiga msuli kwenye mada yake, tukaunganisha, tukapeleka steshenari. Anayetaka anadurufu. Hatukudai hata shilingi mia. Ukurasa wa mwisho tuliandika: durufu, sahihisha, mpe mwenzako. Jina tulikipa jioni moja tukila mihogo chini ya mwembe, na jina hilo siliandiki hapa leo kwa sababu ndilo linalogombaniwa.

Maana nilipokuwa TP, mwenzetu mmoja kati ya wale saba, yule aliyechora jalada, alikubaliana na steshenari moja ya nje ya geti, na sasa kitini kinauzwa. Jalada letu, jina letu. Ndani zimeongezwa kurasa ambazo hatukuziandika, na kwenye kurasa hizo Vita vya Majimaji vinaanza mwaka 1907. (Vilianza 1905, kama kuna mwaka wa kwanza anasoma hapa.) Binti mmoja akaandika hivyo kwenye testi, akakatwa maksi, akauliza kitini hiki ni cha nani, akaelekezwa kwangu. Alinifuata mpaka bwenini kunilaumu. Mimi, sio muuzaji!

Tukamwita mwenzetu. Wala hakuwa na wasiwasi. Alisema: si mliandika wenyewe durufu, sahihisha, mpe mwenzako? Nimedurufu, nimesahihisha, nimewapa wenzangu. Kosa langu liko wapi? Na jalada ni mkono wangu. Watu sita tukatazamana. Kwa kweli hatukuwa na jibu. Tukaahirisha kikao hadi Jumamosi, nami nikaenda kumlilia mshikaji wangu anayesoma kompyuta.

Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mambo."

"Poa," nikamjibu.

Akacheka mpaka akakaa chini. "Sikusalimii. Nakwambia kasome habari za Mambo. Ni programu. Wenzenu walishapigana hivyohivyo."

Basi nimesoma wiki nzima, badala ya kusoma vitu vya UE. Ninachowaletea ndicho nilichokikuta.

Kwanza tuelewane kuhusu mali yenyewe. Nilimsumbua jamaa wa Sheria hadi akanifukuza chumbani, lakini nilishaondoka na kitu. Hakimiliki inalinda kazi: maandishi, picha, msimbo wa programu. Alama ya biashara inalinda ishara inayomwambia mtu kwamba kitu hiki kimetoka kwa fulani. Ni vitu viwili, na hata ofisi ni mbili. Kwetu Tanzania Bara ukitaka kusajili alama unakwenda BRELA, ukiwa na habari za hakimiliki unakwenda COSOTA. Unaweza kugawa kimoja bure ukabaki na kingine mfukoni.

Sasa hawa watu wa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma, kuubadili na kuugawa, walipoandika leseni zao walipambana zaidi na hakimiliki. Leseni maarufu kuliko zote, GPL, toleo lake la pili lilitoka 1991. Inatoa ruhusa zote hizo, ilimradi na wewe unayempa mwingine umpe ruhusa hizohizo. Kuhusu jina la programu haisemi neno. Leseni ya Apache ya mwaka 2004 ilikuwa imeshajifunza: kifungu chake cha 6 kinasema wazi kwamba ruhusa ya kutumia msimbo siyo ruhusa ya kutumia jina. Yaani maneno yetu ya ukurasa wa mwisho, durufu, sahihisha, mpe mwenzako, ni GPL ya maskini. Na sisi jina tulilisahau.

Haya, Mambo.

Mwaka 2000 kampuni moja ya Melbourne, Australia, iitwayo Miro, ilianza kutengeneza programu ya kuendeshea tovuti. Zamani ukitaka tovuti ilibidi ujue kuandika msimbo wa kila ukurasa. Programu hii ilikuwezesha kuingia, kuandika habari yako, kuweka picha, kubonyeza, basi, imetoka. Wakaiita Mambo. Mwaka 2001 wakaachia toleo lake kwa leseni ya GPL, nalo likaanza kuvutia watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali. Mtu anarudi kazini jioni, anakula, anakaa kwenye kompyuta hadi usiku wa manane akirekebisha kitu ambacho halipwi. Miaka ikapita, kazi kubwa ikawa inafanywa na timu hiyo ya kujitolea. Mambo ikawa kubwa. Lakini kwenye makaratasi, jina Mambo lilikuwa alama ya biashara ya Miro.

Kwa muda mrefu hilo halikumsumbua mtu. Ndivyo ilivyo, mkiwa mnaelewana nani anauliza jina liko kwenye faili la nani? Sisi saba tulikula mihogo miaka miwili bila kuuliza.

Mwaka 2005 Miro ikaunda taasisi isiyo ya kibiashara kwa ajili ya Mambo. Ilisema lengo ni kuupatia mradi fedha na kuulinda na kesi mahakamani. Tuwe wa haki, hofu ya kesi haikuwa ya kubuni: mwaka mmoja kabla yake alijitokeza mtu Marekani akidai kwamba kipande cha msimbo ulioingizwa kwenye Mambo kilikuwa chake. Lakini timu ya waandishi ilipoona jinsi taasisi ilivyopangwa, ikasema hapana. Walisema inavunja makubaliano yaliyokuwepo na kamati ya uongozi ya mradi, kwamba wahusika hawakushirikishwa inavyotakiwa, na kwamba ndani yake mna mambo yanayopingana na misingi ya programu huria. Mkurugenzi wa Miro, Peter Lamont, naye alijibu hadharani kwa maelezo marefu ya maswali 20 na majibu yake.

Tarehe 17 Agosti 2005 timu ikaondoka. Si mmoja wala wawili, ni timu nzima ya waandishi wakuu. Mmoja wao, Andrew Eddie, akaandika barua ya wazi kwa watumiaji kueleza kwa nini. Wakafungua tovuti mpya, na ndani ya siku moja watu 1,000 walikuwa wamejiunga nayo.

Hapa ndipo mimi nilipoacha kusoma nikatoka nje kutembea kidogo. Hebu fikirini walivyokaa siku ile. Msimbo wote walikuwa nao, maana GPL iliwaruhusu kuubeba hadi mstari wa mwisho. Hakuna mwanasheria ambaye angewazuia. Walikuwa na uzoefu wao na urafiki wao. Kitu kimoja tu hawakuruhusiwa kuvuka nacho mlango: neno la herufi tano ambalo sisi tunasalimiana nalo kila asubuhi.

Walifuata ushauri wa wanasheria wanaosaidia miradi huria, wa kituo kiitwacho Software Freedom Law Center, na wakaunda taasisi yao, Open Source Matters. Kisha tarehe 18 Agosti wakawaomba watumiaji wapendekeze jina jipya. Yakaletwa majina, na timu mwishowe ikachagua jina ambalo halikupendekezwa na yeyote kati yao. (Serikali ya wanafunzi, mnasikia? Hamko peke yenu.) Tarehe 1 Septemba 2005 likatangazwa: Joomla.

Lisomeni kwa sauti. Ndiyo, ni jumla. Jumla yetu hii, wameiandika kwa herufi mbili za o ili Mwingereza asilitamke vibaya. Walisema maana wanayoitaka ni wote pamoja, kitu kizima kwa ukamilifu wake. Katikati ya mwezi huohuo wakatoa Joomla 1.0, ambayo kwa ukweli ilikuwa ni ileile Mambo iliyosahihishwa hapa na pale na kuvishwa jina jipya.

Kama mwalimu mtarajiwa wa Kiswahili lazima nisimame hapa. Mambo ni wingi wa jambo, ngeli ya LI-YA, na wingi maana yake vitu vingi kila kimoja kivyake. Jumla ni hesabu uliyoijumlisha, umepiga mstari chini ukaandika jibu moja. Sijui kama walioketi kuchagua walilifikiria hilo, ila mimi limenikaa. Kuna maana nyingine pia ambayo nadhani hakuna aliyewaambia. Kwa Mangi jumla ni kinyume cha rejareja. Ni duka lenye magunia. Kila mara nikikutana na jina la Joomla naona gunia la sukari.

Kuna mtakaouliza: kwani mtu anaweza kumiliki neno la Kiswahili? Mnakumbuka zogo la Hakuna Matata, ambayo Disney walipata usajili wake Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya nguo, na mwaka 2018 watu wakasaini kupinga. Alama ya biashara haikuzuii kulisema neno. Inamzuia mwingine kulibandika juu ya bidhaa ya aina hiyohiyo hadi mnunuzi achanganyikiwe. Salamu yetu ilikuwa salama muda wote. Iliyokuwa inagombaniwa ni mambo ya kuendeshea tovuti tu.

Nini kiliipata Mambo yenye jina? Ilipata watu wengine wa kuiendeleza, na kwa haki yao walijitahidi. Toleo lake la mwisho lilitoka 2008. Joomla ipo mpaka leo. Na sasa, kaeni vizuri: jina Joomla nalo ni alama ya biashara, iko mikononi mwa Open Source Matters, na ina masharti ya nani alitumie na vipi. Watu waliofukuzwa na jina wakaenda kusajili jina. Mwanzoni nilisema huu ni unafiki. Nimebadili mawazo, na sababu yake nimeipata kwenye habari ya Linux.

Linux mnaijua, au mnaitumia bila kujua, maana ndiyo iliyo ndani ya simu za Android. Mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kama sisi, aliandika kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta. Yeye alitaka kuuita Freax. Aliona kuuita kwa jina linalofanana na lake ni majivuno. Jamaa aliyemwekea mafaili kwenye seva hakulipenda Freax, akaandika linux kwenye folda, yakaishia hapo. Hakuna aliyesajili chochote. Mwaka 1994 mtu mmoja wa Boston, Marekani, ambaye hakuhusika kabisa na uandishi wake, akaomba kusajiliwa jina hilo kuwa lake, akapewa. Mwaka 1996 kampuni zinazouza Linux zikaanza kupokea barua zake: anataka asilimia 10. Zikaungana na Torvalds kupinga usajili, na mwaka 1997 wakamalizana nje ya hukumu. Jina likahamishiwa kwa Torvalds.

Kwa hiyo usiposajili kwa sababu wewe ni mwema, anaweza kuja asiye mwema akasajili. Na ukishasajili lazima ulilinde, la sivyo unaweza kulipoteza. Mwaka 2005, hukohuko Australia kwa kina Miro, kampuni kama 90 zilipata barua kwa niaba ya Torvalds zikitakiwa kulipia leseni ya kutumia jina Linux. Watu wakapiga kelele eti naye amekuwa bepari. Akaeleza kwamba sheria haimwachii nafasi ya kulala, na kwamba gharama za kulilinda jina ni kubwa kuliko kinachoingia.

Sasa niwape kisa changu cha TP, maana kinahusika.

Shule niliyopangiwa ina chumba cha kompyuta, mashine za msaada, za zamani sana. Kipindi changu cha kwanza mle, mwanafunzi wa kidato cha pili akaniita. "Mwalimu, njoo uone Firefox feki." Kwenye skrini kulikuwa na alama inayofanana na ya Firefox, dunia imezungukwa na mnyama, ila mnyama mwenyewe si mwekundu, ni mweupe wa kibuluu, na chini imeandikwa Iceweasel. Mimi, kwa kujiamini kabisa, nikawaambia darasa zima wasiifungue hiyo, ni kirusi. Wiki sita watoto wale hawakugusa kivinjari pekee kilichokuwemo kwenye mashine zile. Naandika hili huku naona aibu, maana nimegundua juzi tu kwamba haikuwa feki. Ilikuwa Firefox.

Firefox yenyewe ilizaliwa Septemba 2002 ikiitwa Phoenix, yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka kwenye majivu. Kulikuwa na kampuni ya kompyuta yenye jina hilo, Phoenix Technologies, nayo ilikuwa na kivinjari chake. Ikabidi wabadili. Aprili 2003 wakaja na Firebird. Kumbe Firebird lilikuwa jina la mradi mwingine wa kujitolea, wa kanzidata, uliotokana na msimbo ambao kampuni ya Borland iliuachia huria mwaka 2000. Hawa wa kanzidata hawakuwa kampuni wala hawakuwa na fedha, lakini walikuwa na hasira, na wakawaandikia mpaka wakachoka. Hapa ndipo napaona pazuri: safari ya kwanza walimkimbia mwenye nguvu, safari ya pili wakampisha maskini mwenzao. Februari 2004 ikawa Firefox. Majina matatu ndani ya miezi 17.

Baada ya kuhangaika hivyo, shirika lao la Mozilla likawa kali juu ya jina na nembo. Ndipo wakagongana na Debian. Hawa ni watu wa kujitolea wanaokusanya programu huria na kuzitoa pamoja kama mfumo kamili, na wana msimamo: kila kitu ndani ya mkusanyo wao kiwe huru kubadilishwa. Nembo ya Firefox haikuwa huru kubadilishwa. Kwa hiyo Debian waliweka jina bila nembo. Mwaka 2006 Mozilla wakasema haiwezekani, chukueni vyote viwili au muache vyote, na viraka mnavyotia kwenye msimbo tuvikague sisi kwanza. Debian wana desturi ya kushikilia toleo moja la zamani lililotulia na kulitilia viraka vya usalama wao wenyewe kwa miaka. Hawakuwa tayari kuomba ruhusa kwa kila kiraka. Wakaondoa jina. Debian 4.0 ilipotoka Aprili 2007, ndani yake mlikuwa na Iceweasel. Msimbo wa Firefox, na viraka vya Debian, bila jina.

Jina lenyewe ni utani wa kinyume: moto ukawa barafu, na mbweha akawa cheche, yule mnyama mdogo mwembamba. Ilikaa hivyo miaka tisa. Mwaka 2016 pande mbili zikaelewana, Mozilla wakaridhika kwamba viraka vya Debian haviharibu kitu, jina Firefox likarudi. Zile mashine za shule yangu zilikuwa za kabla ya mapatano.

Nani alikuwa na haki? Nimejaribu kuwa upande wa Debian na nikashindwa kuwa upande wao moja kwa moja. Mozilla walikuwa wanaogopa kitu halisi. Mtu akitia kiraka kibaya, kivinjari kikaharibika, anayelaumiwa si mtia kiraka. Atafuatwa bwenini mwenye jina. Lakini upande wa pili yupo yule mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, ambaye kwa kukosekana jina tu alikiona kitu kizima kuwa feki, na mwalimu wake akamuunga mkono. Jina lilipoondoka, imani iliondoka nalo, na msimbo haukubadilika.

Nadhani hili ndilo ambalo sisi saba hatukulielewa. Kitini ukikidurufu, mimi sipungukiwi. Kikiwa nakala kumi au elfu moja, changu bado ninacho. Jina haliko hivyo. Likibebwa na vitini viwili vinavyopingana kuhusu mwaka wa Majimaji, halijaongezeka likawa majina mawili, limekufa kwa wote. Ndiyo maana mtu anaweza kuugawa msimbo kwa dunia nzima kwa moyo mweupe, halafu akapigania jina kama simba jike.

Na hili halikuishia kwao. Lilishapita karibu na hapa kwetu. Desemba 2004 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa programu ya ofisi, ya kuandikia barua na kupigia mahesabu, yote kwa Kiswahili. Waliiita Jambo OpenOffice. (Jambo hapa, Mambo kule, nimewaambia ngeli ya LI-YA ina kazi.) Programu mama ilikuwa OpenOffice.org, na hilo .org la mwisho halikuwa pambo: jina OpenOffice peke yake lilikuwa na wenyewe. Brazil kampuni moja ilishikilia jina hilo kwa nguvu zaidi, hadi watu wa kule wakalazimika kuiita yao BrOffice.org.

Kisha mwaka 2010 kampuni ya Oracle ikainunua Sun, iliyokuwa mwenye mali. Waandishi wengi wa kujitolea wakaingiwa na wasiwasi, na Septemba mwaka huo wakaunda taasisi yao wakatangaza LibreOffice. Walilitoa jina hilo kama la muda tu, wakaialika Oracle iwape lile la zamani. Oracle haikuwapa. Mwaka 2011 ikalikabidhi jina pamoja na msimbo kwa taasisi nyingine, Apache, na OpenOffice ipo bado chini yao, inakwenda polepole. La muda ndilo lililobaki kuwa la kudumu, na ukifungua kompyuta yenye Linux leo, mara nyingi utakutana na LibreOffice. Mwaka huohuo 2011 Oracle ilishikilia jina la Hudson, programu ya kuwasaidia waandishi wa msimbo, na waandishi wake wakapiga kura wakaondoka na jina Jenkins. Hadithi ni ileile, siirudii.

Tukirudi mwembeni. Nilipomaliza kusoma nilifurahi, nikajiona nina silaha. Nikawaza: Jumamosi tunamwambia bwana jalada abaki na jina lake, sisi sita tunaondoka na vitini vyetu, tunatafuta Jumla yetu, watu watatufuata kama walivyowafuata kina Andrew Eddie. Watu 1,000 kwa siku moja! Nikalala.

Saa nane usiku nikaamka nikiwa nimeliona tundu. Wale walifuatwa kwa sababu walijulikana. Watumiaji wa Mambo waliyajua majina yao, walikuwa wakiwauliza maswali na kujibiwa kwa miaka. Sisi tunajulikana na nani? Nikawasha taa, wenzangu chumbani wakaguna, nikafungua matoleo yote manne ya kitini toka mwaka wa kwanza. Hakuna ukurasa hata mmoja wenye majina yetu. Tuliona haya. Tuliona kuandika majina ni kujikweza, kama Torvalds na Freax yake. Kwa hiyo mwaka wa kwanza anapokwenda steshenari anachokijua ni jalada na lile neno moja juu yake, basi. Tukiondoka kesho na kitini kilichosahihishwa, chenye jina jipya, ataniuliza swali la yule mtoto wa kidato cha pili: mwalimu, hii ni feki?

Kwa hiyo nimebadili nitakalolipeleka. Sitapendekeza tuondoke, bado. Nitapendekeza kitini kibaki huru kama tulivyoandika, adurufu anayetaka na auze anayetaka. Jina litumike tu kwenye toleo ambalo angalau wawili kati yetu wamelisoma lote na kukubali. Akiongeza kurasa zake peke yake, sawa, aziongeze, ila atafute jina lingine kama Debian. Akikataa, hapo ndipo tutazungumza habari ya Jumla.

Kikao ni Jumamosi saa kumi, palepale. Naye amesema atakuja. Nimeshachapa ukurasa mpya wa mbele wenye majina saba, nimeyapanga kwa alfabeti, na lake limekuwa la tatu. Mwenye hela ya mihogo tafadhali, boom langu limekata.